Bingwa wa Mgeta na Chupa Mbili za Mwisho

Jumapili, 3 Agosti 1975

Nimewaficha watu wa Mgeta jambo moja tangu mwaka wa Azimio la Arusha. Wanaamini mimi ndiye bingwa wa bolingi wa Morogoro mjini. Wanaamini hivyo kwa sababu niliwaambia. Ukweli ni kwamba sijawahi kushinda. Hata mara moja.

Basi, limeandikwa. Halikuuma sana.

Padre ndiye aliyenishauri kuandika. Alikuja juzi kunitazama, akanikuta nimejifunika blanketi hadi kidevuni, akasema mtu wa umri wangu aweke kwenye karatasi yanayomlemea, ili siku ya kupakwa mafuta asianze kupapasa kumbukumbu mbele ya wageni. Nadhani alitarajia wivu na hasira. Tutafika huko.

Nijieleze. Mimi ni Severini, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mgeta, mkazi wa mjini hapa chini ya mlima kwa sababu kule juu baridi inanibana kifua. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Sikushangaa. Ulifundisha desimali kwa watoto wa vijiji vitatu.

Karibu na stesheni kuna ukumbi wa zamani wa mabwana wa mkonge. Walipoondoka waliacha njia mbili za mbao za kuchezea bolingi. Njia moja sasa imelaliwa na magunia ya mbolea. Nyingine ni yetu. Unaviringisha tufe la mti, kule mwisho zimesimama chupa tisa, nazo za mti, unaziangusha. Pembeni kuna mfereji kila upande, tufe likiingia humo umeliwa. Mtoto mdogo anaweza kukueleza. Kuziangusha ndiyo shughuli.

Mpinzani wangu ni Yunusi, Mnyamwezi wa Tabora, mstaafu wa reli, mguu mmoja mfupi kidogo tangu toroli la mizigo lilipompanda. Kwa ajili ya mguu huo husimama upande wa kulia kabisa wa njia, akiuegemea ukuta, na hurusha kutoka huko kama mtu anayemwaga maji ya kunawia. Hana mtindo. Ni mtani wangu, maana Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo anaweza kunitukana mbele ya Padre na Padre akacheka. Kila Jumamosi tunacheza. Kila Jumamosi ananishinda. Na kila Jumamosi jioni namtuma dereva wa lori la mboga amwambie dada yangu Felista, kule Mgeta, kwamba nimeshinda tena.

Leo lori limeleta jibu. Felista anasema ukoo mzima umefurahi, nao wangependa kumwona Bingwa kwa macho yao kabla Mungu hajamchukua. Wanateremka Jumamosi. Lori zima.

Lori zima!


Jumatatu, 4 Agosti

Nimetafakari. Hali si mbaya kama ilivyoonekana jana. Nina kitu ambacho Yunusi hana. Nina nadharia.

Nadharia yenyewe ni hii. Bolingi haichezwi kwa mkono. Inachezwa kwa kujiamini. Mkono ni tarishi tu, unapeleka barua iliyokwisha kuandikwa kichwani. Mtu akisogea kifua mbele, macho makavu, akaziona chupa tayari zimelala, basi zitalala. Nimelieleza jambo hili ukumbini mara nyingi na watu wamenisikiliza kwa heshima. Mwanaheri, msimamizi wa ukumbi, mama mtu mzima anayesimamisha chupa na kuandika pointi kwa chaki, aliwahi kuuliza mbona basi mimi mwenyewe sishindi. Nilimwambia nadharia inahitaji muda.

Sasa, Yunusi anashinda kwa kuwa anajiamini. Kwa hiyo dawa si mimi nicheze vizuri. Hilo tumelijaribu. Dawa ni Yunusi aache kujiamini.

Asubuhi nikamwita Mwanaheri alipokuwa akipita, nikamnong'oneza kwamba daktari amesema sitavuka Jumapili. Nikamwomba asimwambie mtu, hasa Yunusi. Mwanaheri akiambiwa asiseme hupata mbio. Nilimwona akivuka barabara bila hata kuangalia baiskeli.

Yunusi ana roho laini. Akisikia, mkono utatetemeka. Mkono ukitetemeka Jumamosi, nashinda, Felista anaona, nakufa nikiwa bingwa wa kweli.

Je, nimesema uongo? Daktari alisema siku yoyote. Jumapili ni siku. Padre apime mwenyewe.


Jumanne, 5 Agosti

Aibu.

Nilisahau kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza kwetu anakijua. Ukiugua, jirani huja na uji. Ndugu huja na machozi. Mtani huja na kamba ya kupimia kaburi.

Yunusi alifika kabla sijamaliza uji, na Wanyamwezi wenzake wawili wa reli, wakiimba. Mpwa wangu Modesta, binti wa Felista, anayenitunza hapa, badala ya kufunga mlango aliwapa shikamoo na viti. Yunusi akanipima kwa kamba toka utosini hadi kisigino. Akatangaza kuwa kwa Mluguru mimi ni mrefu mno, itabidi nikunjwe. Akauliza kama ninataka kulazwa nikielekea makabichi. Kisha akapanda kitandani akalala kando yangu, viatu miguuni, kupima upana, akalalamika kwamba marehemu anatawala nafasi yote.

Sikukaa kimya. Nilimwambia babu zake walibeba mizigo ya watu toka Tabora hadi pwani na wakasahau kurudi na akili. Akasema angalau walifika pwani. Waluguru, akasema, waliichungulia tu toka juu ya mlima wakarudi kupalilia.

Kisha akachukua vitu. Ni haki yake. Mtani anaweza kubeba chochote cha mgonjwa na hakuna wa kumshitaki, mpaka ukomboe kwa kuku. Alichukua blanketi. Alichukua kofia. Na kutoka chini ya kitanda, akalichukua tufe langu. Tufe la mninga, lililokwisha kulainika kwa mkono wangu, ambalo halijawahi kunishindia lakini tumezoeana.

Wakaondoka wakiimba. Sijawahi kumwona amechangamka hivyo. Kujiamini kwake kumefika kileleni mwa Uluguru, na ni mimi niliyekupandisha huko.

Modesta alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilimwambia kifo si mzaha. Akasema kwa mtani ni mzaha, mjomba, na kama nilitaka machozi ningemtuma Mwanaheri kwa mtu mwingine.

Usiku wa baridi bila blanketi.


Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa dharura. Nilimpa dereva wa lori ujumbe kwa Felista: mimi mgonjwa sana, mechi imeahirishwa, msisumbuke.

Nikamtuma Modesta akakomboe tufe. Kuku hakuna. Yunusi alimjibu kwamba yeye hapokei bata, hapokei mayai, hapokei ahadi za walimu. Akampa kofia aishike kidogo, kisha akaichukua tena. Modesta aliona hilo ni jambo la kuchekesha. Msichana huyu atacheka kwenye maziko yangu, na kwa kuwa Wanyamwezi watakuwapo, hatakuwa peke yake.


Alhamisi, 7 Agosti

Jibu la Felista limefika kwa lori la alfajiri. Kama naumwa hivyo, wanaongeza lori la pili.

Basi nikatumia silaha ya pili, yenye kisomo zaidi. Sifa. Mtu akisifiwa mkono wake, yeye huanza kuufikiria, na mkono ukifikiriwa hugoma. Nimeyaona haya kwa wanafunzi wenye mwandiko mzuri. Ukimwambia mtoto ana mwandiko mzuri, kesho yake anaandika kama kuku.

Modesta alinishika mkono hadi ukumbini. Yunusi alikuwa akifanya mazoezi, kofia yangu kichwani, tufe langu mkononi. Nikakaa kwenye gunia la mbolea chini ya yale maandishi ya ukutani ya Uhuru na Kazi, nikamsifu. Nikasema mkono wake ni wa ajabu. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, ni kidole gani kinachoachana na tufe mwisho.

Yunusi akautazama mkono wake. Akasema hajawahi kuuliza. Akasema mkono wake ni mtu mzima, unarudi nyumbani saa unayotaka. Kisha akaangusha chupa nane.

Mimi lakini nikaanza kufikiria kidole changu. Ni kidole gani kinachoachana na kitu mwisho? Cha kati? Cha shahada? Mwanaheri akaniletea chai. Sikuweza kuinyanyua. Nilikishika kikombe, nikakifikiria, nikakimwaga chote kwenye fulana.

Ndipo Yunusi akaja akakaa kwenye gunia la pili. Akasema Jumatatu anapanda treni. Binti yake Shamsia, aliye Tabora, amemjengea chumba cha uani, anataka baba yake afunge Ramadhani nyumbani na asizeeke peke yake kwa watu wa kabichi. Alisema hayo akizitazama chupa, si mimi.

Nikamtakia safari njema. Nikasema tutapata hewa zaidi humu ukumbini.

Akasema basi Jumamosi ndiyo ya mwisho. Labda kama. Hakumalizia labda kama nini. Akanyanyuka akaenda kuokota tufe langu.

Sijali hata kidogo. Tabora ni mji mzuri. Una asali.

Chakula cha jioni sikukigusa. Mafua.


Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimekumbuka kanuni ya ukumbi, nami naiandika kama mwalimu anavyoandika maelezo ubaoni, si kwa sababu nyingine.

Aliyeshindwa ana haki ya kudai marudiano. Akidai kabla chaki haijafutwa, mshindi hawezi kuondoka mjini mpaka ayatoe. Mwanaheri ndiye mlinzi wa kanuni hii na hana mchezo. Aliwahi kumzuia karani mmoja wa Mikese, mke wake akaja kumfuata na mtoto mgongoni, Mwanaheri akamwambia mama huyo asubiri Jumamosi kama watu wengine.

Ni kanuni hiyo iliyonileta hapa nilipo. Kila Jumamosi nimeshindwa, kila Jumamosi nimedai, na kila Jumamosi iliyofuata Yunusi amelazimika kuja.

Kwa hiyo, kimahesabu. Kesho nikishindwa, nikadai, Yunusi hapandi treni. Kesho nikishinda, mimi sina cha kudai. Yeye anaweza kudai, lakini nani atadai marudiano ilhali binti amemjengea chumba? Atavaa kofia yangu na kwenda zake.

Upande wa pili wa hesabu. Kesho nikishindwa, Felista na malori mawili ya ukoo wataona kwamba Bingwa wao hajui kurusha. Wataulizana kuhusu Jumamosi nyingine zote. Nitateremshwa kaburini kama mwongo, tena kwa kamba ya Yunusi.

Nitashinda, bila shaka. Heshima ya ukoo. Nilijitazama kwenye kioo kwa kujiamini, kifua mbele, macho makavu. Mzee aliyenitazama toka ndani alionekana anaomba ruhusa kwenda chooni.

Modesta aliniuliza mbona nimesimama dirishani kila honi ya treni inapolia. Nikasema sisikilizi honi yoyote. Akasema vizuri, maana hiyo ni ya mizigo.


Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi!

Niandike kwa mpangilio.

Malori mawili yaliteremka na watu wamekaa juu ya makabichi, maana mwenye lori hakukubali kuja na watu watupu. Felista mbele, kitenge kipya, anaongoza wimbo. Wanawake wa ukoo, wazee wawili niliodhani walikwisha kufa, watoto wa watoto wa watu niliowafundisha. Waliingia ukumbini wakiita Bingwa, Bingwa. Walinibeba juujuu toka mlangoni hadi kwenye gunia langu.

Yunusi alikuwa amesimama na tufe langu mkononi. Akanisogelea.

"Bingwa?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Niliitazama dari. Dari ile ina popo.

Nikajua yamekwisha. Mtani ana ruhusa ya kunivua nguo mbele ya ukoo wangu na hakuna wa kumkemea. Ungekuwa utani wa mwaka. Ningekuwa mimi, ningeufanya. Yunusi akavua kofia, yaani kofia yangu, akawageukia watu wa Mgeta.

"Mama zangu, ndugu zangu," akasema. "Huyu mzee amenitesa. Miaka yote hii, kila Jumamosi narudi nyumbani nimenuna. Mnionee huruma."

Ukoo ukapiga vigelegele. Mwanaheri akafungua mdomo. Yunusi akamtazama. Mwanaheri akaufunga, jambo ambalo sijawahi kuliona na sitaliona tena.

Mchezo ukaanza. Yunusi alitumia tufe langu. Mimi nilipewa la ukumbi, lenye ufa. Nilisogea kwa kujiamini kamili, nikalenga katikati, tufe likaingia mfereji wa kushoto. Kama kawaida. La pili, kushoto. Felista akasema kwa sauti kwamba Bingwa anapasha mwili moto.

Lakini kumbe na Yunusi ana siku mbaya! Sijui ni nini kilichomwingia. Alitoka kwenye ukuta wake, akasimama katikati kama mimi, akarusha kama mimi, akaingia mfereji wa kushoto kama mimi. Alikuna kichwa. Akasema ni uzee. Hesabu yetu ikaenda ikikaribiana, mbaya kwa mbaya. Mwanaheri alikuwa akiandika pointi kwa uso wa mtu anayeandika matusi.

Hapo katikati Felista alitaka kunipigia makofi, akaliweka chini kabichi alilolishika, palepale kwenye mbao. Kabichi likaanza kwenda lenyewe. Taratibu, bila kusukumwa na mtu, likaviringika kushoto, likatumbukia mfereji wa kushoto. Watu walicheka mpaka popo wakahama. Nililazimika kuomba ukimya. Mchezaji anajenga hali ya moyo, watu wanachezesha mboga!

Tukafika tufe langu la mwisho. Yunusi alikuwa amemaliza, amenizidi pointi moja. Kule mwisho zimebaki chupa mbili, zimesimama pamoja kama majirani wanaosengenya. Nikiziangusha zote mbili, nimeshinda. Nikikosa, Yunusi ameshinda.

Yunusi akaja akanipa tufe langu la mninga.

"Chukua," akasema. "Kuku utanipa siku nyingine."

Kosa kubwa la kimbinu kwa upande wake. Nililipokea. Lilikuwa na joto la mkono wake.

Nikasogea. Kifua mbele. Macho makavu, au karibu na makavu, vumbi la mbolea lilikuwa jingi. Nikarusha. Tufe likaanza kulia, kulia kabisa, likawa linatembea ukingoni mwa mfereji wa kulia kama mlevi anayepita kando ya mto. Felista akafumba macho. Halafu, polepole, likageuka. Likarudi kushoto kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Chupa ya kwanza ikalala. Ikaiegemea ya pili. Ya pili ikafikiri kwanza. Kisha ikalala.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata. Nilikuwa hewani tena, na kabichi kifuani.

Ila jambo moja nalikumbuka. Mwanaheri hajamaliza hata kuandika pointi, chaki iko ubaoni, nikamsikia Yunusi akisema:

"Nadai marudiano."

Alisema upesi kama mtu aliyekuwa akiyashikilia mdomoni tangu asubuhi. Mwanaheri akamuuliza na treni je. Akasema kanuni ni kanuni. Akaulizwa yawe lini. Akasema inabidi afikirie, asiharakishwe, yeye ni mzee, pengine baada ya Idi.

Mtu asiyekubali kushindwa. Nimekuwa nikisema hivyo siku zote.


Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa niliketi kibarazani, ukoo umenizunguka, nikawafafanulia nadharia yangu kabla malori hayajapanda. Kujiamini. Niliwaambia mtu akijiamini vya kutosha hata tufe linaloelekea mferejini hutii, hugeuka na kurudi. Wameliona wao wenyewe. Mzee mmoja aliomba nirudie. Nilirudia.

Modesta akasema mbona kabichi nalo lilienda kushoto. Nikamuuliza kabichi lina uhusiano gani. Akasema labda mbao zimeinama. Akasema labda ndiyo maana babu Yunusi husimama kulia. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo tofauti ya aliyesoma na ambaye bado anasoma: mmoja huona sababu, mwingine huona sakafu. Felista alimkanya binti yake asimbishie mjomba, hasa mjomba bingwa. Nampenda sana dada yangu.

Padre alipita kunipongeza. Akauliza kama ninaandika. Nikasema naandika. Akauliza kama nimefika kwenye yanayolemea. Nikasema nipo karibu.

Mchana Modesta alimpelekea Yunusi kabichi na viazi. Akarudi akaniambia kwamba chumba cha babu Yunusi kiko kama siku zote. Godoro kitandani. Sufuria jikoni. Hakuna sanduku lililofungwa. Na alipomuuliza kama atarudishiwa nauli, babu aliuliza nauli gani, tiketi hakukata.

Nikamwambia Wanyamwezi hawana haraka ya kufunga mizigo, wamezaliwa nayo kichwani. Modesta akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema sawa, mjomba.

Jioni Yunusi akaleta kofia. Blanketi hakuleta, kwa sababu, alisema, Agosti hii ina baridi na marehemu wanakaa joto. Tukakaa. Alipoondoka nikamwambia Bingwa hamsindikizi mtu aliyeshindwa. Nikamsindikiza hadi kwenye kona tu.


Jumanne, 12 Agosti

Daktari amenikagua. Amesema nisinyanyue kitu kizito kuliko birika. Nikamwambia nina mechi baada ya Idi. Akasema hakusikia nilichosema, na kwamba nisitarajie kufika Idi, au yeye hatarajii nifike, sikumbuki vizuri ni nani kati yetu asiyetarajia. Nilikuwa nikifikiria mbinu.

Maana sasa hatari ni kubwa kuliko mwanzo. Yunusi atakuja na kisasi. Atajiamini. Ni lazima avunjwe moyo mapema, na mimi, kwa bahati nzuri, ninajua namna. Asubuhi nikamwita Mwanaheri alipokuwa akipita, nikamnong'oneza, kwa siri kubwa, kwamba daktari amenipa hadi Idi tu. Asimwambie mtu. Hasa Yunusi.

Alivuka barabara bila kuangalia baiskeli.

Ninaandika haya na tayari nasikia kuimba upande wa stesheni. Nadhani wanakuja na kamba. Modesta anapanga viti. Leo nimelificha tufe ndani ya pipa la mchele, si chini ya kitanda. Nimejifunza.

Padre anakuja kesho na mafuta yake, na amesema atapenda kuona nilichoandika. Nimeyasoma yote toka mwanzo. Yamo ya Mgeta, ya Mwanaheri, ya daktari na Jumapili yake. Ni kurasa za kuridhisha, mwandiko bado mzuri. Limebaki jambo moja. Halibadilishi nadharia hata chembe, maana nililifanya kwa kujiamini kuliko nilivyowahi kufanya kitu chochote humo ukumbini. Lakini Padre ni mtu makini, ataniuliza ni kwa nini tufe la Bingwa lilianzia kulia mno. Na waimbaji wamefika uani, Yunusi ananiita Mluguru nitoke nipimwe upya, huenda nimefupika. Basi niandike haraka.

Zile chupa mbili sikuzilenga. Nilikuwa nalenga mfereji.